Ukipewa mchezo uutungie muziki, msikilize Kálmán kwanza

Kijana akiniletea nyimbo alizotunga kwa ajili ya mchezo wa kuigiza, huwa namuuliza swali moja: ukiuondoa wimbo huu, hadithi inakwama wapi? Wengi hunyamaza. Nyimbo ni tamu, sauti zimepangika, ila unaweza kuzihamishia harusini kesho na hakuna atakayeshangaa. Hapo ndipo ninapomtaja Kálmán Imre, mtunzi Mhungaria ambaye Wajerumani humwandika Emmerich Kálmán. Kazi hii ya kutungia jukwaa nimeijua zaidi kwa kumsikiliza yeye kuliko kwa darasa lolote nililokaa.

Alizaliwa mwaka 1882 Siófok, mji ulio kando ya ziwa Balaton. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, akafilisika, familia ikahamia Budapest. Kijana alitaka kuwa mpiga piano wa kumbi kubwa, lakini mkono ulimletea matatizo, akageukia utunzi. Katika Chuo cha Muziki cha Budapest alisoma kwa mwalimu Koessler, aliyewafundisha pia Béla Bartók na Zoltán Kodály. Hao wawili wakaja kuwa fahari ya muziki wa Hungaria. Mwenzao akaishia kwenye opereta, ile michezo ya kuimba na kuzungumza ambayo wasomi waliidharau na watu wa kawaida wakaijazia kumbi.

Wanaosimulia maisha yake hupenda kisa cha mkono. Mimi nakupeleka kwenye miaka ya 1904 hadi 1908, alipokuwa mhakiki wa muziki wa gazeti la Pesti Napló. Fikiria mtu anayelipwa kukaa ukumbini akisikiliza kazi za wenzake, halafu arudi kuandika kwa nini hii imeshika na ile imeanguka. Kazi zake mwenyewe za okestra hazikumpatia wachapishaji aliowataka. Mwaka 1908 akatoa opereta yake ya kwanza, Tatárjárás, kwenye jumba la Vígszínház la Budapest, na mwaka uliofuata ilikuwa tayari inachezwa Vienna na New York. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauna gharama: nenda kwenye maonyesho ya wengine na daftari, ukae nyuma, uandike ni wimbo gani uliowafanya watu watoe simu mifukoni.

Kazi iliyomfanya awe Kálmán ni Die Csárdásfürstin, iliyofunguliwa Vienna tarehe 17 Novemba 1915, vita vikiwa vimepamba moto. Maneno waliandika Leo Stein na Béla Jenbach. Silva ni mwimbaji wa kilabu cha Budapest. Edwin, mtoto wa ukoo wa kifalme wa Vienna, anampenda na anatia sahihi hati kwamba atamwoa. Kumbe nyumbani wazazi wake wameshapanga uchumba na binti wa daraja lao. Katika sehemu ya pili Silva anaingia kwenye jumba lao akijifanya mke wa rafiki yao, mbele ya wageni wote. Uongo unapofumuka, anaitoa ile hati na kuichana.

Hebu sikiliza muziki wa pale. Wahusika hawasimami mmoja mmoja kutuimbia hisia zao kisha wakapigiwa makofi. Mwisho wa sehemu ya pili ni mtiririko mrefu ambamo kwaya, wapenzi na wazazi wanaingiliana, na sauti tulizozizoea zikiwa za furaha sasa zinauma, kwa sababu hali imegeuka. Mtunzi angeweza kuandika wimbo mpya wa huzuni. Lakini wimbo mpya hauna kumbukumbu. Msikilizaji hana deni nao. Ule aliotoka nao ukumbini akiupiga mluzi wakati wa mapumziko ndio unaomchoma ukirudi.

Mbinu hii naitumia sana. Nikipewa andiko, situngi chochote mpaka nimejua tukio baya kuliko yote liko ukurasa gani. Naanzia hapo, kisha narudi nyuma kutafuta pa kulipanda lile lahani likiwa bado halina hatia. Waongozaji wengine hili huwaudhi. Wao wanataka wasikie wimbo wa ufunguzi wiki ya kwanza ili waanze mazoezi ya kucheza. Wape mdundo wa mazoezi, lakini lahani usilitoe.

Gräfin Mariza ya mwaka 1924 ina somo lingine. Tassilo ni mwanamume wa ukoo bora aliyefilisika, anafanya kazi ya kusimamia shamba la mwanamke tajiri, Mariza, ili apate mahari ya dada yake. Karamu inapigwa ndani, yeye yuko nje, anaanza kuimba na wapiga fidla. Mariza anamsikia, anamtaka awaimbie wageni wake. Anakataa. Kukataa kule ndiko kunakousukuma mchezo mbele, na kusingewezekana kama ule wimbo haungekuwa umetoka kwake bila kuombwa. Siwezi kuthibitisha kwamba Kálmán alimfikiria baba yake alipokuwa akimwandikia Tassilo, ila kila nikiusikia namfikiria yule mwuza nafaka wa Siófok.

Maneno ya Mariza ni ya Julius Brammer na Alfred Grünwald, na ndio hao hao walioandika Die Zirkusprinzessin ya 1926 na Die Herzogin von Chicago ya 1928. Ukipata mwandishi anayekubali kubadili mstari kwa sababu pumzi ya mwimbaji haitoshi, usimwachie aende. Angalia pia nafasi kati ya miaka hiyo, maana anayekutaka ukamilishe mchezo mzima kwa wiki mbili anataka kanda ya kupigia nyuma.

Sasa tuje pale aliposhindwa, na panatuhusu. Mwaka 1927 jina lake lilikuwa kwenye Golden Dawn huko New York, muziki ukiwa wake na Herbert Stothart, maneno ya Otto Harbach na Oscar Hammerstein II. Hadithi iko Afrika: msichana mzungu amelelewa na Waafrika kama mungu wao. Kuna wimbo unaitwa "My Bwanna", naam, bwana wetu huyu huyu, akiwa na herufi ya ziada. Filamu yake ya 1930 ina waigizaji wazungu waliopakwa rangi nyeusi, na kuitazama hadi mwisho kunahitaji moyo. Ninachokisikia ni kwamba mtu yule aliyeujua mdundo wa csárdás, ngoma ya Wahungaria, unaoanza kwa kujikokota halafu ukakimbia, hapa hana chochote cha kushika. Nilipoombwa muziki wa hadithi ya Wamakonde nilikwenda kwanza kukaa na wapiga ngoma wa sindimba, nikasikiliza hadi nikajua ni wapi pasipohitaji mkono wangu. Asiyeweza kufanya hivyo akatae kazi.

Alikuwa Myahudi. Wanazi walipoichukua Austria mwaka 1938 aliondoka Vienna, akapitia Zürich na Paris, akafika Marekani mwaka 1940. Kazi zake zilipigwa marufuku kwa Wanazi, na dada zake waliobaki Hungaria waliuawa. Broadway alitoa Marinka mwaka 1945, ikachezwa mara 165, ila enzi ya opereta ilikuwa inakwisha. Alifia Paris na kuzikwa Vienna. Arizona Lady, ya mwisho, ilikamilishwa na mwanawe Charles.

Ukitaka kuanza, usianze na mkusanyiko wa nyimbo zake bora, maana huko zote zimeng'olewa kwenye shina lake. Tafuta Die Csárdásfürstin nzima, soma muhtasari wa hadithi, kisha sikiliza sehemu ya kwanza na ya pili bila kuruka. Ile ya tatu ni fupi, unaweza kuiacha hadi kesho yake.