Ruta mbili, lango moja: kwa anayeanza na HSRP

Kompyuta ya mtumiaji kwa kawaida huelekezwa kwenye lango moja tu (gateway, ruta inayoipeleka nje ya mtandao wake). Lango hilo likizimika, haiendi kutafuta ruta nyingine, hata kama ipo kwenye kabati lilelile. Kwa hiyo ruta mbili za Cisco huwekewa HSRP (Hot Standby Router Protocol, utaratibu wa ruta moja kushika nafasi ya nyingine): kila moja inabaki na anwani yake, halafu zote zinachangia anwani ya tatu, na hiyo ndiyo wapewayo watumiaji.

Tuseme ni VLAN 10 (mtandao mmoja uliotengwa ndani ya swichi). Ruta A ni 192.168.10.2, B ni 192.168.10.3, lango ni 192.168.10.1. Ruta yenye priority kubwa ndiyo hushika lango, na track huipunguza priority hiyo kebo ya nje (hapa GigabitEthernet0/1) ikikatika. Kwenye A:

track 1 interface GigabitEthernet0/1 line-protocol
interface GigabitEthernet0/0.10
 encapsulation dot1Q 10
 ip address 192.168.10.2 255.255.255.0
 standby version 2
 standby 10 ip 192.168.10.1
 standby 10 priority 110
 standby 10 preempt delay minimum 60
 standby 10 track 1 decrement 20

B inafanana na A, ila ina .3, haina mstari wa priority (inabaki na 100 ya kawaida), wala track, wala delay ya preempt. Lakini preempt yenyewe (ruhusa ya ruta yenye priority kubwa kumpokonya lango aliyelishika) usiiache! Wengi huiweka kwenye A peke yake, wakidhani kazi yake ni kuirudisha A tu. Kebo ya nje ya A ikikatika, A inashuka hadi 90 lakini bado iko hai na inatuma salamu zake kila sekunde 3. B yenye 100 inazisikia, na bila preempt haichukui nafasi. Intaneti inakufa huku ruta zote mbili zinawaka taa za kijani. Hiyo 20 nayo ina sababu: usipoandika kiasi, ruta hupunguza 10, na 110 inageuka 100, sare na B.

Zile sekunde 60 zinaipa A muda wa kujifunza njia zake baada ya kuwashwa.

Andika show standby brief. Ruta moja iwe Active (imeshika lango), nyingine Standby (inasubiri). Zote zikiwa Active, salamu hazifiki: mara nyingi VLAN 10 haijaruhusiwa kwenye trunk (kebo inayobeba VLAN nyingi) ya swichi mojawapo. Kisha kwenye kompyuta ya Windows andika arp -a. Mbele ya 192.168.10.1 pawe na anwani ya MAC 00-00-0c-9f-f0-0a. Hiyo 0a ya mwisho ni 10 kwa heksadesimali, namba ya kundi (ile ya standby 10). Ukiona nyingine, huenda kuna mtu ameipa printa anwani ya lango. Kagua na DHCP pia (huduma inayozigawia kompyuta anwani): ikigawa .2 kama lango, kila kitu kitaenda sawa mpaka siku A inapozimika.

Jaribu kabla ya kukabidhi kazi. Acha ping -t 8.8.8.8 ikienda, chomoa umeme wa A. Ukimya usizidi sana sekunde 10. Irudishe, subiri iwe Active tena, kisha chomoa kebo ya nje peke yake. Jaribio hili la pili ndilo watu wanaloliruka, na ndilo linaloonyesha kama B ina preempt.