Miguu ya bimkubwa inawaka moto usiku

Shoga, umesema bimkubwa wako hapo Wete miguu inamuwaka moto usiku mwaka wa pili huu, na dawa ni diklofenaki, vile vidonge vya maumivu, na kuchuliwa mafuta ya karafuu tu. Mjue chanzo kwanza. Ikiwaka na ganzi juu, miguu yote miwili kuanzia nyayoni, mara nyingi ni mishipa ya fahamu, na mie ningeanza na sukari, apimwe asubuhi hajala kitu, ikifika 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) na wakirudia ikawa vile vile ndo kisukari hicho. Kama mguu mmoja na maumivu yanashuka toka kiunoni, tazameni mgongo. Mguu ukimbana akitembea, akisimama ukapoa, hapo waangalie mishipa ya damu. Na hizo diklofenaki za kila siku wallahi zaweza kumharibia figo.