Anashinda kila mchezo, lakini hana wa kucheza naye

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka tisa, yuko darasa la nne. Kwa drafti na mpira wa mtaani hana mpinzani. Akishinda anawazomea wenzake. Akifungwa anapindua ubao na kudai ameibiwa. Zamani watoto watatu wa jirani walikuwa wakija kumwita kila jioni. Siku hizi wanapita mlangoni kimya kuelekea uwanjani. Baba yake anasema nimwache, eti ndio uanaume. Nimefikiria kuwaalika hao watoto soda na maandazi ili wapatane. Na je, nimtoe timu ya shule?
Mama wa Tanga

JIBU: Dada yetu, pesa ya soda iweke kwanza. Mwaka 1954, mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwaweka wavulana 22 kambini Oklahoma, Marekani, wakawagawa makundi mawili na kuwashindanisha kwa zawadi. Haikuchukua muda wakawa wanachomeana bendera na kuvamiana vibandani. Walipokalishwa kula pamoja, walirushiana chakula. Kilichowalainisha ni kazi ambayo kundi moja lisingeiweza peke yake, kama kulivuta lori lililogoma kuwaka, tena kwa kamba ileile waliyokuwa wakishindania kuvutana.

Kwa hiyo watafutie kazi. Kwa upepo wa pwani, hakuna inayofaa kuliko tiara, kwa sababu haina mshindi na kuirusha peke yako ni taabu. Anza na mtoto mmoja tu kati ya wale watatu, yule mpole. Wakija wote, watamkumbuka alivyowazomea na wataungana dhidi yake.

Chukueni chelewa mbili zilizokomaa, moja ya sentimita 60, nyingine 50. Fupi ilale juu ya ndefu, sentimita 15 kutoka kichwani, mfunge msalaba kwa uzi. Zungusheni uzi kwenye ncha zote nne, kisha bandikeni gazeti, mkikunja pambizo kwa uji mzito wa unga wa ngano. Uji mwepesi hulowesha gazeti likachanika. Mkia uwe wa vitambaa, mita tatu hadi nne. Tiara ikizunguka-zunguka hewani, ama mkia ni mfupi, ama msalaba umekaa upande. Hapo zima lawama, uwape kitambaa kingine waongeze. Warushie mahali pa wazi, mbali na nyaya za umeme. Mshika uzi aupe upepo mgongo. Mwenzake aende hatua ishirini mbele yake, ainyanyue tiara na kuiachia akiambiwa. Mara ya kwanza mwanao awe huyo wa kunyanyua. Sifa humwendea mshika uzi, na hicho ndicho anachopaswa kuzoea kukikosa.

Drafti msimpige marufuku, ila ipimeni upya. Kila mmoja ana kete 12. Anayeshinda mchezo huu, ujao aanze na 11; akishinda tena, 10, mpaka ifike mahali hakuna anayejua nani atashinda. Akifungwa, arudishiwe moja. Wenzake walikimbia matusi, ndiyo, lakini pia walichoka kufungwa kila siku. Sheria ya kupindua ubao itajwe kabla ya kuanza: anayepindua anaokota vizibo vyote na hachezi tena mpaka kesho. Ukiisha kuitaja, itekeleze bila kufoka. Na nyinyi wakubwa msimwachie ashinde makusudi. Kwa mtoto wa miaka minne haina neno, lakini wa miaka tisa anajua, na huko nje hakuna atakayemwachia.

Mpirani tatizo mara nyingi huanzia kwenye kuchagua watu: hodari wawili wanakaa upande mmoja. Mwombe kijana mkubwa wa mtaa agawe timu, mechi ziwe za dakika kumi, na kila zikiisha wachezaji wachanganywe. Aliyekuwa adui dakika tano zilizopita sasa ndiye wa kukupa pasi, na kumzomea kunakuwa hasara.

Sasa baba. Mwombe abadilishe swali moja tu. Mtoto akirudi asiulizwe "Mmeshinda?" bali "Leo nani alikupa pasi nzuri?" Siku mbili tatu za mwanzo atajibu "hakuna", aendelee kuuliza. Sifa za "wewe ni kiboko" nazo apunguze. Wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha utafiti mwaka 1998: watoto waliosifiwa kuwa na akili, baadaye walipopata maswali magumu na kuanguka, walidanganya alama zao zaidi kuliko waliosifiwa kwa bidii. Mtoto aliyeambiwa kila siku kwamba yeye ni kiboko akifungwa atasema nini, kama si kwamba ameibiwa?

Timu ya shule abaki. Ukimtoa, unampa muda zaidi wa kukaa peke yake, na ataona umemwadhibu kwa kuwa hodari. Zungumza na mwalimu wa michezo ampe mchezaji mmoja mdogo wa kumfundisha kupiga danadana, dakika kumi kabla ya mazoezi. Asimpe ukapteni kwa sasa.