Hamu ya kupanda farasi inapokwisha wakati wa baridi

Dada yangu, umeeleza kwamba huko Minnesota, kaskazini mwa Marekani, jua la Desemba huzama saa kumi na nusu jioni, hivyo ukitoka kazini giza limeshaingia na hamu ya kumpanda farasi wako imekwisha. Kupanda punguza bila kujilaumu, hata mara mbili kwa wiki kwa mwendo wa kutembea tu. Zizini usikose, kwa sababu maji ya ndoo yakiganda farasi hunywa kidogo, na chakula huweza kumziba utumbo. Nyasi kavu mpe kwa wingi, maana kule kusagika kwake tumboni ndiko kunakompa joto. Mimi hutia lijamu, kile chuma cha mdomoni mwa farasi, kwapani, ndani ya koti, kipate joto kabla ya kumvisha (wenzangu hunicheka), na dakika hizo tano, akinipulizia mvuke shingoni, ndizo hunirudisha kesho yake.