Fila si dawa ya kutu: nilivyolichomelea upya Peugeot la babangu

Jana baada ya isha nimepata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Likoni, ana Datsun 120Y saluni aliyoachiwa na amiye, kanitumia picha sita za ubavu wa chini ya mlango, tundu kiasi cha kiganja cha mkono, na swali moja tu: "Kaka, fundi asema ataziba kwa fila siku mbili kazi imekwisha, nimpe hela ama nifanye vipi?" (Fila ni ile pasti ya kujazia mabonde ya bodi kabla ya rangi.) Nilianza kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa. Swali hilo limenigusa pahali ambapo mpaka leo pauma. Nikaona niandike yote hapa, maanake najua mko wengi mnaotaka gari la mzee lirudi barabarani likiwa zima na si kupakwa rangi tu.

Kwanza tuelewane. Sisi wa Mombasa ugonjwa wetu wajulikana. Mtu wa Nakuru gari lake lakaa miaka arubaini sakafu iko vile vile, sisi huku hewa yenyewe ina chumvi. Chuma kikipata maji na hewa chashika kutu, hilo kila mtu ajua, lakini chumvi yaongeza mambo mawili: yaharakisha kutu, tena yavuta unyevu, kwa hivyo pale ilipokaa hapakauki sawasawa hata jua liwe la saa saba.

Gari langu ni Peugeot 504 stesheni, ile ya viti mistari mitatu. Babangu alilinunua kwa sababu aliziona 504 zikishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, akasema gari linalopita kule haliwezi kushindwa na barabara ya Malindi. Na kweli halikushindwa. Amebeba watu miaka na miaka, Mombasa Malindi, Malindi Mombasa, na kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa 1991 alikuwa avuka kwa feri, magurudumu yapita kwenye maji ya bahari pale panapoteremkwa, kila safari. Ufaransa waliacha kuunda saluni zake 1983, huku Kenya zikaendelea kuungwa miaka mingi baadaye, ndio maana vipuri vya injini bado twapata. Bodi ndiyo mtihani.

Sasa kile kidonda. Nilipolirithi (mzee yu hai alhamdulillahi, ni macho tu yamemzuia kuendesha) nilimpelekea fundi wa bodi, simtaji jina wala mtaa. Akakaa nalo wiki mbili, likarudi lang'aa kama sinia la harusi. Nikamlipa yote na bakshishi juu. Zikaja mvua za masika, mwezi wa tano rangi ikaanza kutoa malengelenge chini ya mlango wa nyuma, nikabonyeza moja kwa kidole gumba na kidole kikaingia. Kipande cha fila kizito kama kigae kikaanguka chini, ndani yake gazeti. Gazeti limekunjwa likashindiliwa ndani ya sili, yaani ule ubavu wa chini ya milango, limelowa, na herufi bado zasomeka, ukurasa wa mpira. Babangu alikuwa amekaa barazani. Akaja na mkongojo wake, akakisukuma kile kipande kwa ncha ya mkongojo, akakigeuza, akarudi kukaa. Hakunena neno. Mimi ningependa angenigombeza.

Siku hiyo ndiyo niliyosema hili gari nalichomelea mwenyewe.

Nilianza vibaya. Niliazima mashine ya stiki, ile ya kuchomelea kwa vijiti, ya jirani anayetengeneza madirisha ya grili, vijiti vya milimita 2.5, nikaenda moja kwa moja kwenye bati la gari. Bati la bodi ni kama milimita 0.8 hadi 1 tu, moto wa stiki walipasua kama karatasi, kila nikiziba tundu moja nafungua mawili. Mzee mmoja fundi wa Shimanzi aliyezeekea kwenye kuchomelea mashua za chuma akaja kuniona, akacheka kidogo akasema, "Kijana wangu, hiyo ni ya geti. Bati jembamba lataka waya." Nikaweka akiba miezi minne nikanunua mashine ya kuchomelea kwa waya (MIG), waya wa milimita 0.6, na mtungi wa gesi ya kukinga mchomeleo. Yule mzee wa Shimanzi, namwita Ami, akanifundisha jioni nne bure, sharti lake lilikuwa moja, nifanyie mazoezi kwenye bati za skrepa za unene ule ule mpaka akigeuza upande wa pili aone moto umepenya sawa kote. Nilichoma bati za kujaza mkokoteni. Wewe pia fanya hivyo, usijifunzie kwenye gari.

Halafu likaja kosa kubwa, na hapa nataka usome polepole maanake ndilo laua magari mengi. 504 saluni na stesheni, Datsun 120Y, Corolla za zamani, hizi hazina chesi iliyotengana na bodi, bodi yenyewe ndiyo chesi. Ile sili, ubavu wa chini ya milango, ni mfupa. Mimi nililiweka gari juu ya stendi, mbili mbele mbili nyuma, nikang'oa milango ili nipate nafasi, nikashika grainda nikaikata sili yote ya kushoto kwa mara moja, toka mbele mpaka nyuma, nikifurahia vile kutu inavyomwagika. Nikasikia chuma kikilia, kama mlango wa msikitini usiotiwa mafuta. Sikujali. Asubuhi narudisha mlango wa nyuma kujaribu, haufungi. Juu pamebana rangi yasugua rangi, chini pameachana kidole kizima. Gari lilikuwa limelegea katikati kama kitanda cha kamba. Nilikaa chini kwenye mchanga nikalia, na mke wangu aliniona.

Ami akaja tena. Tukaweka jeki ya chupa katikati chini ya kipande cha mbao ya mvule, tukainua kidogo, tukapima, tukainua tena. Kupima kwenyewe ni kwa uzi: pembe ya juu ya mlango mpaka pembe ya chini ya pili, msalaba, halafu walinganisha na upande wa kulia ambao haujaguswa. Siku nzima toka asubuhi mpaka maghrib. Uzi ulipolingana tukachomelea vyuma vya skwea (mirija ya pembe nne) ndani ya nafasi ya milango, vimebana nguzo kwa nguzo, ndipo tukaweka sili mpya. Milango yangu leo waifunga kwa kidole kimoja na sikufichi, najivunia. Kwa hivyo vyuma vya kubania kwanza, kukata baadaye, upande mmoja kwa wakati, na ukate kipande kwa kipande ukiziba kabla hujafungua chengine. Rudia hayo maneno mpaka uyahifadhi.

Mengine nayapitisha haraka. Betri fungua, tangi la petroli litoe kabisa lisiwe hata chumba kimoja na wewe, mazulia na sponji za viti ng'oa zote. Mimi nilibakisha ile felti nyuma ya dashibodi nikidhani iko mbali, nikaenda kunywa chai, narudi moshi. Ndoo ya maji na mchanga iwe karibu, na ukimaliza kuchomelea kaa hapo hapo nusu saa unuse. Barakoa ya macho usiivue hata kwa cheche moja, utaamka usiku macho yamejaa mchanga usiokuwepo.

Bati la viraka nunua jeusi, lisilopakwa zinki, geji 20 (geji ni kipimo cha unene), la sili geji 18. Mabati ya kuezekea usiyaguse ati kwa sababu yamebaki nyumbani, yale yamepakwa zinki na zinki ikichomwa yatoa moshi mweupe wenye sumu. Nilijaribu mara moja, usiku nikatetemeka kwa baridi kama mwenye malaria mpaka alfajiri.

Kutu ifuate mpaka inapoishia. Chukua bisibisi, dunga, na gonga kwa nyundo ndogo ukisikiliza: bati zima lalia, fila na kutu viko bubu. Tundu la kiganja kama lile la kijana wa Likoni kwa kawaida ndani yake ni mkono mzima, kwa sababu kutu ikiota katikati ya bati mbili yavimba yazisukuma ziachane, na wewe nje waona kalengelenge tu. Kata mpaka ukute chuma cheupe pande zote. Kipimo kikate kwanza kwa boksi la viatu, kijaribu, ndipo uhamishe kwenye bati. Kiraka kikae ndani ya tundu ncha kwa ncha, kisilale juu ya bati la zamani, kikilala juu maji yatakaa katikati na utarudi hapo hapo mwaka wa tatu.

Na usivute mstari. Piga nukta moja hapa, nyingine upande wa pili, nyingine katikati, ngoja bati lipoe uweze kuliwekea kidole, endelea. Ukivuta mstari bati lapinda na hakuna nyundo ya kulirudisha. Mimi kiraka cha sakafu kiasi cha kitabu chanichukua jioni mbili. Na kama wachomelea nje wakati wa kaskazi zuia upepo kwa turubali, upepo wapeperusha gesi na mchomeleo watoka na vitundu kama vibibi, wapendeza kula lakini haubebi gari.

Mwisho wa kazi ndani ya sili nyunyiza nta au oili nzito mpaka itoke kwenye vitundu vya chini, na hivyo vitundu usivizibe, ndivyo vyatoa maji. Mimi nilivikuta vyote vimezibwa fila.

Wenzangu mafundi wa bodi mkisoma haya, mteja akikuletea gari la babake hakukuletea bati. Mwambie ukweli kwamba ni kazi kubwa, mwambie bei ya kweli, akishindwa aondoke nalo kama lilivyo. Gazeti ndani ya sili ni kumwekea mtu watoto wake ndani ya gari lisilo na mfupa, na siku litakapogongwa hutakuwepo.

Mwezi uliopita lilikwisha, miezi kumi na moja. Nilimshika babangu mkono nikampeleka mpaka ubavuni, akainama, akagonga sili kwa mkongojo toka mbele mpaka nyuma, polepole, akisikiliza. Akarudia upande wa pili. Kisha akauliza ufunguo uko wapi.

Kwa hivyo kijana wa Likoni, hela za fila usimpe mtu. Jumapili niko nyumbani toka asubuhi, vuka nalo kama latembea, nitakutumia njia. Njoo na bisibisi na boksi la viatu. Na milango usiing'oe kabla sijaiona.