Alama za vidole na leseni za majimbo: madaktari wanauliza

Barua nyingi tulizopokea kutoka kwa madaktari waishio Marekani zinahusu uchunguzi wa rekodi za jinai anaofanyiwa daktari anayeomba leseni katika zaidi ya jimbo moja. Tumechagua tano.

Swali: Ninaishi Des Moines na nina leseni ya Iowa. Nataka kuwahudumia wagonjwa wa Illinois na Nebraska kwa njia ya video. Je, nitachukuliwa alama za vidole mara tatu?

La, ukipitia Mkataba wa Leseni za Udaktari baina ya Majimbo, ambao ulianza kutoa leseni mwaka 2017 na ambao majimbo yote matatu uliyoyataja ni wanachama wake. Kwanza utataja jimbo lako kuu, ambalo ni lazima uwe na leseni yake kamili isiyo na masharti. Linaweza kuwa jimbo unakoishi, unakofanya angalau asilimia 25 ya kazi yako ya udaktari, au aliko mwajiri wako. Kwako ni Iowa. Bodi ya udaktari ya huko, inayotoa leseni, ndiyo itakayopokea alama zako, ikasoma majibu ya FBI na, ikiridhika, ikatoa barua ya ustahiki inayodumu siku 365. Ada ya ombi ni dola 700, mbali na ada ya leseni ya kila jimbo, na hairudishwi.

Wengi hudhani kwamba majibu ya FBI husafiri pamoja na barua hiyo. Hayasafiri. Bodi za majimbo hupewa rekodi hizo kwa idhini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1972, nayo inabana sana nani azione na kwa kazi gani, kwa hiyo Illinois na Nebraska wataambiwa tu kwamba unastahiki. Pennsylvania ilipitisha sheria ya kujiunga na Mkataba mwaka 2016, lakini ikakaa miaka kadhaa bila kuitekeleza kikamilifu kwa sababu FBI ilikuwa na shaka juu ya namna rekodi zake zingetumika. Kwa maoni yangu ubanaji huo unamlinda daktari, ingawa unamchelewesha.

Swali: Hospitali ilinichukua alama za vidole mwaka jana. Siwezi kutumia majibu yale?

Huwezi. Majibu yale yalitolewa kwa hospitali na kwa shughuli ya hospitali, na bodi haitayapokea hata ukiwa nayo mkononi.

Swali: Mimi ni daktari wa upasuaji. Kadi yangu ya alama imekataliwa mara mbili kwa kuwa hazisomeki.

Pole, daktari. Anayenawa na kusugua mikono mara nyingi kwa siku, na kuipaka spiriti katikati, huilainisha mistari ya vidole hadi wino unaacha doa tu. Paka mafuta mikononi usiku kwa siku kadhaa kabla ya kwenda, lakini asubuhi ya siku yenyewe usipake kitu, maana vidole vyenye utelezi huharibu kadi. Penye mashine ya kidijitali ya kuchukulia alama, uliza kama bodi yako inaikubali, kwa sababu mtumishi huona pale pale kwenye kioo kidole kilichokataa na kukirudia. Kwa kuwa umekataliwa mara mbili, bodi inaweza sasa kuiomba FBI ikutafute kwa jina. Uiandikie na kuomba hilo.

Swali: Nikiwa mwanafunzi nilikamatwa nikiendesha gari baada ya kunywa pombe. Mahakama iliahirisha hukumu, nikatimiza masharti, kesi ikafutwa. Wakili alisema niko safi. Nijibu nini kwenye fomu?

Jibu ukweli, na ulijibu swali kama lilivyoandikwa. Kuna fomu inayouliza kama uliwahi kuhukumiwa, na kuna inayouliza kama uliwahi kukamatwa, na mara nyingi alama za vidole huonesha kukamatwa kule hata kesi ikishafutwa. Masharti ya Mkataba ni makali hapa, kwa sababu hukumu iliyoahirishwa inahesabiwa sawa na kupatikana na hatia. Hata hivyo, kosa linalokuzuia ni la jinai kubwa, au lililo karibu na daraja hilo, au linalogusa uadilifu. Kosa lako liliandikwa katika daraja gani? Pata nakala ya hati ya mahakama, umpe wakili anayeshughulikia leseni kabla hujalipa zile dola 700. Hata Mkataba ukikukataa, unaweza kuomba leseni ya kila jimbo kwa njia ya kawaida, ambako bodi husikiliza maelezo yako na kuamua.

Swali: Nilifanya kazi Tanzania miaka sita kabla ya kuja huku. FBI wataona ya kule?

Uchunguzi wa FBI unahusu rekodi za Marekani, hivyo usitarajie upekue mafaili ya polisi wa Dodoma. Ya kule hufuatwa kwa njia nyingine. ECFMG, shirika la Marekani linalohakiki madaktari waliosomea nje, ilikwisha kuhakikisha shahada yako kwa chuo chenyewe, na bodi nyingi hutaka Baraza la Madaktari Tanganyika lithibitishe usajili wako na kama uliwahi kuadhibiwa. Uthibitisho huo kwa kawaida hutumwa na Baraza moja kwa moja. Ukiubeba wewe, hata ukiwa na muhuri, unaweza kurudishwa. Anza kuufuatilia mapema, kabla hata ya kwenda kuchukuliwa alama za vidole, na ukiwa na ndugu Dodoma anayeweza kufika ofisini kuuliza ulipofikia, mwombe afike.