Maswali ya Wasomaji: Gari la Chakula Dodoma

Shikamooni wahariri. Nataka kununua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nikigeuze mgahawa, mchana niuze wali kwa watumishi wa Mtumba kwenye mji wa serikali, jioni chipsi na mishikaki Ilazo. Mmoja ananiambia nianzie BRELA kwenye usajili wa biashara, mwingine TRA kwenye kodi, mwingine Jiji. Nianzie wapi? (Msomaji, Ilazo)

Marahaba. Wote wamekuambia ukweli nusu, ila hakuna aliyekutajia jambo la kwanza, ambalo ni mahali pa kuegesha. Leseni ya biashara hutolewa kwa mtu, kwa aina ya biashara na kwa mahali. Gari lina matairi, leseni haina. Kwa hiyo usilipie gari kabla hujapata eneo.

Tafuta eneo lenye mwenyewe: uwanja wa baa, yadi ya duka, sehemu ya kuoshea magari. Kituo cha mafuta kiache kabisa, maana unawasha moto. Andikishianeni mkataba wa pango, na hapo ndipo wengi hukwama. Mkataba hulipiwa ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya pango la mwaka. Isitoshe, pango la biashara lina kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo mpangaji huikata kwenye fedha ya mwenye eneo na kuipeleka TRA. Pango likiwa 150,000 kwa mwezi, mwaka ni 1,800,000, hivyo stempu ni 18,000 na zuio ni 180,000. Kubalianeni kabla ya kusaini kama bei mliyotajiana ni kabla au baada ya zuio. Mwenye eneo akishakula fedha yote, hiyo 180,000 itatoka mfukoni mwako siku utakapohitaji hati ya TRA ya kuonyesha hudaiwi, na bila hati hiyo leseni haiombwi.

Kando ya barabara ni habari nyingine. Barabara kuu na za mikoa zina hifadhi ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Barabara ya Dar es Salaam inayopita Nzuguni na Ihumwa kwenda Mtumba imo humo, na mwenye neno ni TANROADS, wakala wa barabara hizo. Barabara za mitaani ziko chini ya wakala mwingine, TARURA. Mwenyekiti wa mtaa hana hifadhi ya barabara ya kumgawia mtu, hata akigonga muhuri mara tatu.

Ukishapata eneo, mambo hufuatana hivi. Chukua barua ya utambulisho serikali ya mtaa. Omba TIN, yaani namba ya mlipakodi, kwa namba yako ya NIDA. Haina malipo, anayekudai fedha ya TIN anakuuzia maneno. BRELA nenda kama utatumia jina la biashara lisilo lako mwenyewe. Kisha omba leseni kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI. Mgahawa uko kundi B la leseni, ndiyo maana unaombwa Halmashauri ya Jiji. BRELA hutoa za kundi A. Afisa afya wa kata atataka kuliona gari na jiko kabla ya kuidhinisha, na malipo hufanyika kwa kumbukumbu namba, si kwa mtu mkononi. Leseni hudumu miezi 12 tangu siku ilipotolewa.

Mtumba na Ilazo ziko ndani ya Jiji moja, lakini ni vituo viwili, na kila kituo kinahitaji leseni yake. Ndani ya uzio wa wizara, ruhusa ya kuingia ni ya taasisi yenyewe. Ukivuka kwenda Chamwino au Kongwa, leseni ya Jiji haikusaidii. Kwa maoni yetu, anza na Ilazo peke yake. Biashara ya mchana Mtumba ni ya siku tano kwa wiki, na petroli ya kwenda na kurudi inakula faida ya wali mapema sana.

Kitambulisho cha mjasiriamali mdogo hakitoshi kwa gari? (Nkuhungu)

Vilipoanza kutolewa Desemba 2018, vililengwa kwa mwenye mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365: ni chini ya shilingi 11,000 kwa siku. Gari lenye jiko, msaidizi na mafuta haliishi kwa fedha hiyo. Fikiria pia mpaka wa pili: mauzo ya milioni 11 kwa mwaka, yaani zaidi kidogo ya 30,000 kwa siku, hapo unatakiwa kuwa na mashine ya EFD, ile ya risiti za kielektroniki. Banda la chipsi lililochangamka linaufikia bila mwenyewe kujua, kwa hiyo daftari la mauzo liwepo tangu siku ya kwanza.

Habari za kazi, ndugu wahariri. Fundi amenichorea bodi ya kirikuu: tanki la maji lita 200, friji, jiko la chipsi, mitungi miwili ya gesi, jenereta, na nafasi ya gunia la viazi. Anasema gari halitasikia. Ni kweli? (Msomaji, Singida)

Litasikia, na springi ndizo zitakazosema. Kirikuu ya cc 660 kutoka Japani imeundwa kubeba kilo 350. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tanki lako tu ni kilo 200. Mitungi miwili ya kilo 15, ikijaa, na chuma chake, ni karibu 60. Bodi ya skwea paipu na bati haipungui 150 ikichomelewa kizembe. Ongeza friji 35, jiko na mafuta yake 35, jenereta 40, gunia 100. Jumla kilo 620, na wewe bado hujapanda. Gari hilo litafika, ila breki zitachelewa kushika, tairi za nyuma zitapasuka kwenye jua la saa nane, na tanki lililo nusu litayumbisha gari zima kwenye kona.

Punguza hivi. Tanki la lita 60, ujazie pale pale kituoni. Umeme uvute kwa mwenye eneo kwa mita ndogo, jenereta libaki nyumbani. Mtungi mmoja, 30. Viazi vimenywe na kukatwa nyumbani, ubebe kilo 30 kwenye ndoo zenye maji kidogo. Bodi aitengeneze kwa paipu nyembamba na bati jepesi, isizidi 120. Friji na jiko vibaki. Sasa una kilo 310. Msaidizi apande bodaboda.

Tanki likae chini, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, na ndani liwe na kizuizi cha kuvunja mawimbi. Tanki la maji machafu liwe kubwa kuliko la maji safi. Kwa lita 60 weka 75, vinginevyo litafurika chini ya miguu ya wateja na afisa afya atalikuta hapo. Mtungi ukae nje ya bodi, kwenye kizimba chenye matundu.

Dirisha la kuuzia mwambie fundi aliweke upande utakaoangalia kaskazini ukishaegesha. Huku kwetu kanda ya kati upepo wa kiangazi hutoka mashariki na kusini-mashariki, na vumbi lake huingia moja kwa moja kwenye kachumbari. Magharibi nako jua la jioni litakupiga usoni saa za biashara.

Kabla hajakata chuma chochote, ulizia ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani na marekebisho ya kadi ya gari TRA. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwamba gari sasa linapika. Likiungua huku karatasi zinasema la mizigo, usitegemee fidia.

Moto wa jiko langu la chipsi hufifia saa mbili usiku, hasa mwezi wa saba, wakati mtungi bado mzito. Nje unatoka jasho baridi, mara nyingine utandu wa barafu. Nimeuziwa gesi mbovu? (Area C)

Hapana, mama. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na ili igeuke hewa inahitaji joto, ambalo inalivuta kwenye chuma cha mtungi na hewa inayouzunguka. Ukiivuta haraka kuliko joto linavyoingia, mtungi unapoa, shinikizo linashuka, moto unafifia. Jiko la kilowati 10 linakula karibu kilo 0.8 kwa saa. Ukiwasha mawili pamoja ni 1.6, na mtungi wa kilo 15 hauwezi kutoa hivyo kwa muda mrefu, achilia mbali kwenye baridi ya Julai. Tumia mtungi wa kilo 38, au unganisha miwili ya 15 kwa regulata ya pamoja. Usiulaze, maana kimiminika kitaingia kwenye mpira. Usiumwagie maji ya moto wala kuuwekea mkaa karibu, tunajua yanafanyika.

Kila ukibadili mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likifanya mapovu, funga koki. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni, kwa hiyo bodi iwe na matundu chini pia. Kizimamoto kikae mlangoni, si juu ya jiko utakapolazimika kupitisha mkono kwenye moto. Mafuta yakishika moto, funga gesi, funika kwa mfuniko. Maji kamwe.

Afisa afya ameniamuru nitupe mayonezi niliyotengeneza mwenyewe, na anadai vipimo vya kijana wangu anayemenya viazi tu. Ana haki? (Makole)

Anayo, kwa yote mawili. Kila anayegusa chakula hupimwa kila miezi 6, na kumenya ni kugusa. Mayonezi ya nyumbani ni mayai mabichi. Isipokaa chini ya nyuzi 5 inakuwa shamba la salmonela, na juu ya kaunta ya gari mchana wa Oktoba haikai hapo hata kidogo. Nunua ya kiwandani, chupa ndogo, irudi kwenye friji kila baada ya mteja. Mishikaki ifike nyuzi 75 katikati. Kipimajoto cha sindano kinamaliza ubishi. Vyombo na kaunta, baada ya kuosha kwa sabuni, vifute kwa maji ya klorini: kijiko kimoja cha mezani cha klorini ya asilimia 3.5 kwa lita 5 za maji, yachanganywe upya kila siku. Na chipsi zisifungwe kwenye gazeti. Wino unashika mafuta, na mafuta yanaliwa.